Mpishi Aendaye Kwake Akishapalia

Niseme kweli tangu mwanzo: mtu huyu nimemwonea wivu kwa miaka mingi, na kila sifa nitakayompa hapa imenitoka kwa shida. Mji wa Kale wote wanamwita Mpishi, kana kwamba kisiwa hiki hakina mpishi mwingine. Mimi pia ni mpishi. Nimepika harusi Majengo, Buxton, Bondeni, hata ng'ambo Likoni, na sijawahi kusikia mtu akiniita kwa kazi yangu na kunyamaza hapo. Mimi ni "yule mpishi wa Majengo", au "Baba Rukia, yule anayepikaga". Yeye ni Mpishi, basi.

Pilau ya harusi kwetu hupikwa nje, kwa kuni, katika sufuria ambazo mtoto anaweza kuogea. Unakaanga vitunguu, unatia nyama, viazi, bizari, supu, mwisho mchele. Supu ikikaribia kukauka unapunguza moto wa chini, unachota makaa kwa koleo na kuyapanga juu ya kifuniko, ili wali uive kwa joto la juu na la chini kwa pamoja. Huko ndiko kupalia. Ukishapalia huna la kufanya ila kungoja, na mwiko wa kwanza wa kazi yetu ni kutofunua. Ukifunua mapema mvuke unatoka, wali unabaki na kiini, ile punje ngumu ya katikati inayomwaibisha mpishi mbele ya wageni wote.

Wapishi wote ninaowajua, nikiwemo mimi, husimama pale wakilinda sufuria. Tunazizunguka, tunatega sikio, tunanusa, tunasogeza kaa moja kulia na jingine kushoto, kazi isiyosaidia chochote. Mpishi yeye akishapalia hunawa mikono, huvua aproni, huvaa kofia na kwenda zake nyumbani kunywa chai na mkewe. Hurudi wakati wa kupakua.

Mara ya kwanza kuliona jambo hilo nilikuwa msaidizi wake, kazi yangu kumenya vitunguu na kulia machozi. Nilidhani amepatwa na dharura. Nikamkimbilia hadi kwenye kona ya kichochoro.

"Mpishi, wendapi?"

"Nyumbani. Nina chai."

"Na pilau?"

"Pilau ina moto chini na moto juu. Mimi nikikaa hapo nitaiongezea n'ni?"

Akaenda. Nikarudi kusimama mbele ya sufuria saba zenye makaa juu, peke yangu, nikitetemeka kwa niaba yake. Aliporudi alikuwa ametulia, ndevu zake za hina zimechanwa, ananukia udi. Akafunua sufuria ya kwanza na wali ukasimama punje moja moja. Nilifurahi kwa ajili ya wageni na nikachukia kidogo, na hiyo chuki ndogo sijawahi kuiacha.

Mtu asije akadhani kwamba huyu ni mvivu au kwamba kazi yake haimshughulishi. Hapana. Hiyo ndiyo inayoniuma. Kama angekuwa anapika kwa kulazimika, ningesema, haya, anakimbilia kwake kwa sababu hapendi kazi. Lakini sijaona mtu anayeipenda kazi hii kama yeye. Bizari hanunui mpaka azunguke Marikiti nzima, anazisugua kiganjani, anazinusa, anamgombeza mwenye duka kwamba bizari zake zimezeeka kuliko yeye. Vitunguu vikifika rangi anayoitaka husimama juu yake na kusema, "Hapo, hapo, hapo," kwa sauti ya mtu anayemwongoza dereva kurudi nyuma. Anazungumza na sufuria. Anazitukana. Nimemsikia mwenyewe akiiambia sufuria ya Kizingo, "Iva, hasidi we, usinitie aibu mbele ya matajiri." Ukigusa mwiko wake hata kama ni kuusogeza tu, anakununia hadi siku ya pili.

Na ana majivuno. Watu wa Mji wa Kale watakwambia ni mnyenyekevu, kwa kuwa hasemi sana. Hao hawajafanya kazi naye. Wageni wanapokula yeye husimama mahali ambapo ataweza kuwaona bila wao kumwona, anahesabu nani ameongeza na nani ameacha, na mtu akiacha nusu sinia atasema mtu huyo anaumwa. Mimi nimekaa naye miaka mitatu kabla sijajitegemea, na katika miaka hiyo aliwahi kuisifu kazi yangu mara moja tu. Nilikuwa nimempikia sufuria moja ya pilau. Akaonja, akatafuna, akaangalia juu, akasema, "Yalika." Maana yake inaweza kuliwa. Nimekuwa nikiibeba sifa hiyo tangu hapo na hadi leo sijui kama ilikuwa sifa.

Nyumbani kwake nilikwenda mara chache. Anakaa kwenye nyumba ya ghorofa Kibokoni, chumba cha mbele kina kiti kirefu cha ukili na runinga ambayo haizimwi. Siku moja tulimaliza kazi mapema akanikaribisha chakula cha mchana. Nilikwenda na tumaini kubwa. Nilijiambia, leo nitaona anakula nini mtu huyu, leo nitajua siri.

Mkewe akaleta wali. Sitaki kumvunjia heshima mama wa watu, na alinikaribisha vizuri sana, lakini wali ule ulikuwa mashendea. Umelowa, umeshikamana, ukiinua tonge moja linakuja na nduguye. Nikamtazama Mpishi. Mtu huyu anayemgombeza mwenye duka la bizari kwa harufu tu, anayenuna mwiko ukisogezwa, alikuwa anakula, anaongeza, anamsimulia mkewe mambo ya harusi ya asubuhi, nani alikuja na nguo gani. Mama akacheka hadi akajifuta macho kwa leso. Akamwambia, "Hebu kula, waniongezea maneno tu." Naye akaongeza tena.

Tulipotoka nikashindwa kujizuia. "Mpishi, kwa nini usimfunze mama kupika wali?"

Akasimama. "Nani kakwambia sikuoa mke, niliajiri mpishi?"

Hakuongea nami tena mpaka Alasiri.

Basi huyo ndiye mtu. Simu yake akiwa jikoni huishika kwa bega na sikio, anakoroga, na binti yake akipiga kutoka Lamu anamwambia, "Sema mwanangu, nasikia, niko kazini lakini sema." Wanazungumza habari za meno ya mtoto, habari za jirani, na sufuria inaendelea. Mimi simu yangu nikiwa kazini huining'iniza kwenye kanzu msumarini, nikiisikia ikilia nasema nitapiga baadaye. Baadaye kwa mpishi wa harusi ni kesho, na kesho kuna harusi nyingine.

Ijumaa hapiki. Hakuna wa kumshawishi. Kuna mwaka mtu mkubwa alikuwa anaozesha mwana, mtu ambaye ukimpikia jina lako linafika mpaka Nairobi, na akataka Ijumaa. Mpishi akakataa. Wakamjia tena, wakaongeza heshima, wakaleta wazee. Akawaambia Ijumaa ana ahadi. Wakaniita mimi. Nilipika siku ile kwa furaha kubwa na nilijua kila mlaji anajua mimi ni chaguo la pili. Jioni nikipita Makupa kwenda Changamwe kurudisha sufuria za kukodi, nikawaona yeye na mkewe wametoka upande wa Kibarani. Tena Kibarani! Mimi niliyekulia kisiwani naijua Kibarani kwa pua, tulikuwa tukifunga vioo vya gari tukipita jalala lile. Siku hizi wamepanda miti, watu wanakwenda kukaa wakitazama maji. Hiyo ndiyo iliyokuwa ahadi. Alikuwa amebeba mkoba wa mkewe begani na hakuuficha aliponiona.

Kuna siku nilijaribu kumwiga. Harusi ilikuwa Majengo, mitaa miwili kutoka kwangu, yaani sikuwa na kisingizio. Nilipopalia nikanawa mikono kama yeye, nikavaa kofia kama yeye, nikawaambia wasaidizi, "Nakuja." Nikafika nyumbani. Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Akanitazama akashika kifua.

"Kuna nini? Umefukuzwa?"

"Nimekuja kunywa chai."

"Chai gani saa hizi?"

Sikujua chai gani. Nikakaa. Rukia wakati ule alikuwa msichana wa sekondari, akachungulia mlangoni akasema, "Shikamoo baba," kwa adabu ile anayowapa wageni wa babake. Nikamuuliza shule inaendeleaje. Akasema shule imefungwa. Chai ilikuwa bado haijachemka, na mimi kichwani naona makaa yanazima, naona upepo, naona mbuzi anapita. Nikaondoka kabla kikombe hakijafika. Nilikimbia. Nilipofika, kwa ile hofu, nikafanya kitu ambacho hata mmenya vitunguu hafanyi: nikafunua sufuria kuona kama ziko salama. Nikafunua zote.

Zilikuwa salama. Zikawa si salama. Wali wa siku ile ulikuwa na kiini, mzee mmoja akavunjika jino au alidai amevunjika, na Majengo walilisema jambo hilo hadi Ramadhani. Mimi nikamlaumu Mpishi. Ndiyo, nilimlaumu yeye aliyekuwa zake Kibokoni hana habari. Nikasema mtindo wake ni wa kubahatisha, iko siku atapatikana. Nikawa naisubiri siku hiyo. Harusi zake nilizoalikwa nilikuwa nikitafuna taratibu, nikiutafuta ule ugumu wa katikati kwa jino.

Sikuupata hata mara moja.

Sasa nifike kwa Rukia, kwa maana bila yeye nisingekuwa na sababu ya kuandika yote haya. Ni mwana wangu wa pekee. Amesoma, anafanya kazi ofisi moja karibu na bandari, amepata mchumba wa heshima, kijana wa watu wa Malindi. Tangu azaliwe nilikuwa nimeiandaa pilau ya harusi yake kichwani. Nilijua nyama nitaitoa kwa nani. Nilijua nitatia zabibu ngapi. Wakati wenzangu wanawaza sherehe, mimi nilikuwa nawaza moto. Na nilijua Mpishi ataalikwa, atakaa kwenye sinia kama mgeni yeyote, atatafuna, ataangalia juu, na safari hii atapaswa kusema neno lililo bora kuliko "Yalika."

Siku moja baada ya chakula Rukia akaja kukaa karibu nami. "Baba, nina ombi la harusi."

"Sema mwanangu. Lolote."

"Nataka Mpishi ndiye apike."

Sikuelewa mara moja. Nikadhani anasema mimi. Halafu nikaelewa, na nitasema wazi nilichohisi: nilihisi kama mtu aliyerudi safari akakuta mwingine amekaa kwenye kiti chake. Nikamwambia kisiwa kizima kitacheka. Binti wa mpishi anapikiwa na mpishi mwingine! Watasema hata mwanawe hakiamini chakula chake. Nikamuuliza kama pilau ya Mpishi ni tamu kuliko yangu, aseme tu, mimi ni mtu mzima.

"Ladha ya pilau ya Mpishi siijui, baba. Sijawahi kuila."

"Basi?"

"Ukipika wewe, nani ataniozesha?"

Nikamwambia hilo ni dogo, nitampa Sheikh uwakala. Baba kumwachia Sheikh aozeshe kwa niaba yake ni jambo la kawaida, si dhambi, wengi hufanya hivyo, hata walio msikitini pale pale. Sheikh ana sauti nzuri kuliko yangu.

Rukia hakupandisha sauti. Hajawahi kunipandishia sauti, sikupata kuwa karibu naye kiasi hicho. Akasema, "Matokeo yangu yalipotoka uliniletea sahani ya pilau ya harusi ya watu. Nilipofanyiwa operesheni ulileta pilau. Posa yangu ilipoletwa ulifika wageni wameshaondoka, una pilau mkononi. Baba, mimi pilau zako nimekula sana. Siku hiyo nataka nikae ndani nikisikie kipaza sauti cha msikiti, na sauti iwe yako."

Mamake alikuwa mlangoni. Alikuwa ameyasikia yote.

Ikabidi niende mwenyewe Kibokoni, kwa miguu yangu, kumwomba hasimu wangu aje kupika harusi ya mwanangu. Nilizunguka Mji wa Kale mara mbili kabla sijagonga. Nilimkuta barazani anacheza dhumna na majirani.

"Ndoo ukae," akasema, bila kuinua macho. "Umetawiya kuya."

"Nimechelewa? Ulijua nakuja?"

"Rukia alikuya hapa kabla ya mfungo. Nikamwambia sipiki mpaka babako anitake kwa kinywa chake."

Kumbe alimwendea yeye kwanza! Mwanangu alikaa kwenye kiti kile cha ukili, akanywa chai ile, akazungumza na mtu huyu mambo ambayo hakuniambia mimi. Nilitaka kuondoka. Nikamwomba hivyo hivyo, kwa ulimi mzito.

"Nitapika," akasema. "Lakini nina sharti moya. Siku hiyo usinikanyagie jikoni."

Nikakubali, kwa sababu sikuwa na lingine.

Siku ya harusi niliamka alfajiri na mikono yangu haikuwa na kazi. Sijui kama msomaji amewahi kukaa hivyo. Nikaoga, nikavaa kanzu mpya na koti, nikanyunyiziwa marashi, nikapewa kiti. Watu wakaja kunipa mkono wa pongezi na kila mmoja aliuliza, "Nani anapika?" Nikajibu kila mmoja. Nikaingia kwa Rukia pamoja na mashahidi wawili kumwomba idhini ya kumwozesha, akainamisha kichwa akasema ameridhia, na hina yake ilikuwa nyekundu sana. Halafu zikabaki kama saa mbili kabla ya Adhuhuri, na nikiah, yaani kufunga ndoa kwenyewe, ilikuwa baada ya swala.

Adhuhuri ilipokaribia nikashindwa kukaa, nikaenda jikoni. Nilijiambia naangalia tu.

Jikoni kulikuwa nyuma ya nyumba, uani kwa jirani. Sufuria zimepangwa, makaa yako juu ya vifuniko, na Mpishi hayupo. Nikawauliza wasaidizi yuko wapi, ingawa nilijua.

"Amekwenda kwake."

Damu ikanipanda. Harusi ya mwanangu! Nimejidhalilisha kumwomba, na yeye amekwenda Kibokoni kunywa chai! Nikazizunguka sufuria. Ile ya mwisho, karibu na ukuta, niliona makaa yake yamelala upande mmoja. Wasaidizi walinijua, wawili kati yao niliwafunza mimi kazi, hapana hata mmoja ambaye angenizuia. Nikachukua koleo.

Nitasema nilichokuwa nawaza, kwa sababu nimeahidi kusema kweli. Niliwaza kuyasawazisha makaa. Na chini ya wazo hilo kulikuwa na jingine: kwamba nikifunua kidogo tu, kwa dakika chache tu, kwa nia njema, kiini ambacho nimekitafuta miaka yote kwenye pilau ya mtu huyu kingepatikana leo, mbele ya kisiwa kizima, na hakuna ambaye angejua. Wangesema, umeona, alikwenda kwake. Koleo lilikuwa mkononi na mpini umeshapata moto. Adhana ya Adhuhuri ikaanza. Nikabaki pale pale.

Shemeji yangu akaja mbio na kanzu yake kaishika juu. "Baba Rukia! Watu wanaingia msikitini. Sheikh anauliza, waozesha wewe au yeye?"

Nilimtazama. Niliitazama sufuria. Yule Sheikh alikuwa tayari, na sauti yake ni nzuri, na ingemalizika vizuri tu bila mimi, jinsi mambo yote ya Rukia yalivyokuwa yakimalizika vizuri bila mimi.

"Mimi," nikasema. Nikaliweka koleo chini na kwenda.

Baada ya swala nikakaa mbele ya bwana harusi, goti kwa goti, nikamshika mkono. Kipaza sauti kikasogezwa. Sheikh akanielekeza maneno na mimi nikayasema, nikakwama katikati, nikarudia, "Nimekuozesha binti yangu Rukia," na sauti yangu ikanitoka ya ajabu, ya mtu mwingine. Kijana akajibu kwamba amekubali kumuoa. Kutoka upande wa nyumba tukasikia vigelegele, na nikajua amesikia.

Kisha watu wakala. Niliketishwa kwenye sinia moja na wazee wa Malindi, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo nikala pilau ya harusi nikiwa mwenye harusi, si mpishi wala mgeni, sina mwiko mkononi. Nilitafuna taratibu. Ilikuwa nzuri kuliko yangu. Sikutaka iwe, na ilikuwa. Nikaomba nionjeshwe hata ya ile sufuria ya karibu na ukuta, nayo ilikuwa hivyo hivyo.

Nilimkuta Mpishi uani, watu wameshaondoka, anasugua mikono kwa ndimu. Nilikuwa nimekwenda kumshukuru lakini kilichotoka ni kingine.

"Harusi ya mwanangu, Mpishi, na bado ukaenda kwako."

"Na wewe ulikuya jikoni," akasema. "Kila mtu na mazoea yake."

Wasaidizi walikuwa wamemwambia. Nikaona aibu, na aibu ikanifanya nimuulize jambo ambalo nilikuwa nimelimeza tangu nikiwa mmenya vitunguu. Nikamuuliza anawezaje. Anawezaje kuziacha sufuria zikiwa na makaa juu na kwenda kunywa chai, moyo wake umetulia hivyo. Nikamwambia mimi nilijaribu nikashindwa, na kwamba Mungu hakunipa kipaji hicho.

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Nani kakwambia moyo wangu umetulia?"

"Nimekuona. Miaka yote."

"Wanitezama mgongo nikenda. Uso huuoni." Akajifuta mikono. "Yakhe, mimi naogopa. Kila siku. Chai ile siyui hata kama ina sukari. Mke wangu ajua, huniwekea mkono gotini kwa kuwa goti hutetema. Na leo ndiyo zaidi, maana nilijua wewe uko nje na koleo."

"Sasa kwa nini unakwenda?"

"Nikikaa pia naogopa. Basi nikaona, kama ni kuogopa, nikaogopee kwangu."

Alisema hivyo kwa wepesi, akavaa kofia yake, akanipa mkono, akaniambia Mungu awaweke wana wetu. Akaenda zake na kichochoro chake.

Nilisimama pale kati ya sufuria zilizokwisha kuoshwa. Miaka yote nilimwonea wivu nikidhani amezaliwa bila ile hofu, na wivu wa namna hiyo una faraja yake, kwa sababu mtu hawezi kulaumiwa kwa asichopewa. Kumbe anayo. Anayo ile ile yangu, yenye goti la kutetemeka na makaa yanayozima kichwani, na aliibeba kila siku hadi nyumbani, akala wali wa mkewe nayo, akamsikiliza binti yake nayo, akaenda Kibarani nayo siku ya Ijumaa. Sijawahi kumwonea wivu kama nilivyomwonea saa ile.

Ndani wakaniita. Gari la Malindi lilikuwa limefika, bibi harusi anaondoka. Nilikwenda mbio, kanzu nimeikunja mkononi, nikawapita watu mlangoni kabla hawajamaliza kuniita.